Jawabu Lililopotea Njia

Kila Jumamosi asubuhi, Masika akishamaliza kufua, alikwenda skuli kwao Madungu kwenye klabu ya kompyuta. Jumamosi hii alikwenda mbio. Jana yake alimwambia Mwalimu Nyange kwamba ameshaziunganisha kompyuta za darasani na ile ya maktaba, yenye mitihani ya miaka iliyopita. Mwalimu akawaita wanafunzi wa Kidato cha Nne waje kudurusu.

Walikuja, wakakaa. Hakuna mtihani hata mmoja uliofunguka.

"Tumwambie mwalimu waya umekatika," alinong'ona Mjaka, mwenzake wa klabu.

"Huo utakuwa uongo," alijibu Masika. Akamwendea mwalimu. "Niwie radhi, mwalimu. Jana nilikwambia tayari, na wala sikujaribu. Niruhusu nilitafute kosa."

"Haya, litafute. Wenzako wanasubiri."

Darasani mlikuwa na ruta moja na maktaba nyengine. Kazi ya ruta ni kupokea ujumbe na kuuelekeza unakokwenda. Masika alikagua njia aliyoiandika kwenye ruta ya darasani, tarakimu baada ya tarakimu. Zote sawa. Alibadilisha waya. Bado. Nyuma yake kijana mmoja alianza kufunga mkoba.

"Kaka, usiondoke," alisema Masika. Kisha akamgeukia Mjaka. "Wewe tuma ujumbe kutoka hapa, usiache. Mimi nakwenda maktaba kuangalia kama unafika."

Kumbe unafika! Kompyuta ya maktaba ilikuwa ikiupokea na kuujibu kila mara. Jawabu ndilo lililokuwa halirudi. Masika alifungua ruta ya maktaba, akaona kosa lake: hakuiandikia njia ya kurudi darasani. Alidhani kuandika njia ya kwendea kunatosha.

Akaandika. Akakosea tarakimu, akafuta, akaandika tena polepole.

"Imejibu!" Mjaka alipiga kelele kutoka ng'ambo ya ua. "Masika, mitihani inafunguka!"

Aliporudi, darasa lilikuwa kimya, kila mtu ameinamia maswali. Yule kijana aliyetaka kuondoka alikuwa ameshaanza kuandika majibu.

Mwalimu Nyange alimwita mlangoni. "Umesema kweli, na hukuiacha kazi mpaka ikakaa sawa. Hilo limenifurahisha. Lakini siku nyengine, Masika, usiniambie 'tayari' kabla hujaliona jawabu kwa macho yako."

"Nimesikia, mwalimu."