Mjadala Uliomezwa na Mchumba

"Umenimezea mjadala wangu!"

"Nimekuokoa, mpenzi. Darasa lilikuwa kimya kama maji mtungini."

"Nani alikutuma?"

Wachumba hawa walikuwa wakisoma pamoja shahada ya uzamili ya Kiingereza. Kila mwanafunzi huongoza mjadala wa riwaya, na kiongozi hupata alama wenzake wakizungumza. Zamu ya bibi huyu, mwalimu wa sekondari, ilipofika, aliuliza maswali yake yote. Mchumba wake, ambaye kwa wingi wa maneno yake darasa zima humwita Wakili, akayajibu yote peke yake. Profesa akaamua: Mwalimu arudie wiki ijayo, akishindwa amefeli somo.

"Na si darasani tu," Mwalimu akaendelea. "Mama kauliza harusi lini, ukamtajia Desemba. Mimi nimekaa papo hapo!"

Wakili akachukua mkoba wake, akaondoka.

Jioni ujumbe wake ukaingia: "Wiki ijayo nisije?"

"Njoo. Ukijibu hata swali moja, tumeachana."

Mwalimu aliutuma huku akilia. Alimpenda mno mropokaji yule.

Siku ikafika.

"Kwa nini mke wa riwaya hii anamwacha mume anayempenda?" Mwalimu aliuliza.

Kimya. Wakili alijiziba mdomo kwa kiganja, jasho likimtoka. Mwalimu alitamani kumruhusu aseme, lakini akajikaza.

Hatimaye Sista, mtawa wa kiti cha nyuma ambaye huwa hasemi kitu, akakohoa.

"Mume anampenda, sawa. Lakini anampangia hata la kusema."

"Sikubali!" akadakia mwanafunzi mwingine, mtangazaji wa redio. "Mke naye mbona hakusema mapema?"

Neno hilo lilimchoma Mwalimu kidogo. Basi moto ukawaka, kila mtu akigombea zamu, mpaka Profesa akaweka kalamu chini.

"Umefaulu," alisema.

Mwalimu alipotoka, alimkuta Wakili koridoni, simu sikioni.

"Shikamoo mama. Ile tarehe niliitaja mimi, mwanao sikumuuliza. Nisamehe. Huyu hapa."

Akampa Mwalimu simu, kisha akasogea hadi dirishani asisikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mmegombana? Harusi ipo, haipo?"

Alimtazama bwana yule aliyesimama kwa adabu, midomo kaibana.

"Ipo, mama. Ila nimalize tasnifu kwanza."

"Na mwenzio anasemaje?"

"Hajui bado. Ngoja nikamwambie."