Yule Aliyeshuka Naye Kutoka Kilimani

Waumini wenzake wa Louisville wanamkumbuka Veridiana kama mwanamke mcheshi, ambaye sauti yake ilisikika hata kwaya nzima ikiimba kwa nguvu. Siku hizi yuko Buffalo kwa dada yake, na ukimsalimia anakujibu kwa kunong'ona. Yaliyomfikisha hapo hayakutokea gizani. Yalimkuta mchana, jua likiwa angani.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa kwanza. Mvua ya barafu ilikuwa imenyesha katikati ya wiki, juu yake ikaanguka theluji, na ghala alikofanya kazi mumewe likafuta zamu. Salvatori aliamka na furaha kama mtoto siku ya sikukuu. Tangu daktari alipomwambia sukari yake imepanda, alikuwa amezoea kwenda kutembea kwenye kilima cha Iroquois, si mbali na nyumba yao ya mtaa wa Beechmont. Wote wawili walikulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kasulu, ambako mtu alitembea kwa sababu ya kuni, maji au mgawo wa unga. Kutembea kwa starehe walijifunzia Marekani.

"Leo ni barafu tupu, Baba Nadine," Veridiana alisema. "Twende wiki ijayo."

"Wiki ijayo itakuwa imeyeyuka, tutaona nini? Vaa soksi mbili."

Salvatori alikuwa na vyuma vyenye meno vya kuvalisha viatu, vya kukamata barafu. Vilikuwa vya mtu mmoja tu. Walipofika chini ya kilima alipiga magoti kwenye theluji akamfunga navyo mkewe.

"Na wewe je?"

"Mimi nina miguu ya mbuzi," akacheka.

Barabara ya kupandia ilikuwa imefungwa, hakukuwa na gari wala mtu. Walipanda polepole. Kila tawi lilikuwa limevikwa barafu, na upepo ulipopita msitu mzima uligongana kama vikombe kabatini. Kileleni walisimama kuuangalia mji, paa zake nyeupe na moshi wa viwanda vyake. Salvatori akampiga mkewe picha. Kisha akasema washuke kwa njia ya msituni, maana ni ya mkato.

Njia ile ilikuwa nyembamba. Mkono wa kulia palikuwa na kilima, mkono wa kushoto mteremko mkali ulioingia korongoni. Theluji ilifunika barafu, usijue unakanyaga nini. Veridiana alitangulia, vyuma vikiuma ardhi. Nyuma yake Salvatori alikuwa akizungumzia maharage aliyoyaloweka asubuhi.

Akanyamaza katikati ya neno.

Veridiana aligeuka. Njia ilikuwa tupu. Ukingoni theluji ilikuwa imekwanguliwa, na mchirizi wa mtu aliyeteleza ulishuka hadi kwenye vichaka.

"Baba Nadine!"

Msitu uligongana, ukatulia. Akaita tena. Ndipo sauti ikapanda kutoka chini, dhaifu, imejaa maumivu.

"Niko huku. Mguu umevunjika. Usishuke, utaanguka. Piga simu."

Alikuwa akivua glavu ili atoe simu aliposikia mtu akikohoa upande wa juu wa njia.

"Mama Nadine. Usimwitikie huyo."

Salvatori alikuwa amesimama njiani, pale walipokuwa wamepita muda mfupi uliopita. Koti lake lile lile. Kofia yake ile ile ya sufu. Theluji mabegani na kwenye nyusi.

"Nilishika mti," alisema. "Nikapandia kule nyuma. Twende nyumbani."

"Huko chini ni nani?"

"Usimwitikie."

Sauti ya korongoni ikalia. "Veri! Unaongea na nani? Veri, usiende!"

Veridiana alimtazama mtu aliyesimama mbele yake. Alikuwa mumewe. Macho yake, ndevu zake, kovu lake la kidevuni. Huko chini hakuona mtu. Palikuwa na sauti tu, na mama yake alimfundisha tangu utoto kwamba msituni kuna vitu vinavyojua majina ya watu. Aliamini macho yake. Nani asingeyaamini?

Akashuka naye.

Yule mwanamume hakumshika mkono. Alimshika ncha ya mkono wa koti, akawa anamvuta taratibu. "Usigeuke," alisema. Veridiana alijikwaa mara kwa mara, hata na vyuma vyake. Yeye hakuteleza hata kidogo. Alitembea juu ya barafu kama mtu anayetembea juu ya zulia.

Nyuma yao sauti iliendelea. Iliita jina lake. Ikaita Yesu. Mwishoni ikaita jina la binti yao, Nadine, mara nyingi, hadi miti ikaimeza.

Funguo za gari zilikuwa kwenye mkoba wa Veridiana.

"Endesha wewe," yule mwanamume alisema.

Akaendesha. Alikuwa akihema sana, na kioo cha mbele kikaingia ukungu. Alipanua kiganja kukifuta, mkono ukasimama hewani. Ukungu ulikuwa upande wake peke yake. Mbele ya abiria kioo kilikuwa safi, kikavu, kana kwamba kile kiti hakikuwa na mtu.

Akashika usukani tena, akaendelea kuendesha.

Nyumbani yule mtu alikaa mezani jikoni bila kuvua koti. Veridiana aliwasha jiko, akachemsha chai, akamwekea kikombe. Joto lilijaa chumba kizima. Theluji kwenye nyusi zake haikuyeyuka.

"Umeumia?" alimuuliza.

"Mimi siumii," alijibu, akatabasamu.

Veridiana alisema anakwenda msalani. Alifunga mlango wa bafu kwa ufunguo, akafungua maji ya bomba yasikike, akampigia Gaudiosi, kaka yake Salvatori, aliyeishi Columbus pamoja na Nadine aliyekuwa akisoma huko. Gaudiosi alipokea papo hapo.

"Shemeji! Uko wapi? Salvatori amenipigia sasa hivi, simu ikakatika. Anasema ameanguka mlimani na wewe umemwacha!"

"Shemeji," alinong'ona, "mimi niko naye hapa nyumbani."

"Uko na nani?"

Vidole viligusa mlango wa bafu. Havikugonga. Vilipapasa mbao kutoka juu hadi chini.

"Mama Nadine," ilisema sauti ya mumewe. "Chai inapoa."

Alikata simu, akapiga nambari ya dharura, akaeleza mahali Salvatori alipoangukia, na kwamba kuna mtu nyumbani kwake. Halafu akajikunja ndani ya beseni la kuogea, taulo mdomoni. Alibaki humo mpaka polisi walipokuja kuvunja mlango wa mbele, maana hakuthubutu kutoka kuwafungulia.

Jikoni hapakuwa na mtu. Mlango wa nyuma ulikuwa na mnyororo, umefungwa kwa ndani. Jiko lilikuwa bado linawaka. Mezani kulikuwa na kikombe cha chai, na polisi mmoja alipokiinua akakirudisha haraka. Chai ilikuwa imeganda kuwa barafu ngumu, kijiko kimesimama katikati.

Salvatori alipatikana jua likizama. Alikuwa amekufa kwa baridi. Mguu ulikuwa umevunjika kweli. Lakini hawakumkuta pale alipoangukia. Alikuwa mbali zaidi, chini kabisa ya korongo, mahali ambapo mtu mwenye mguu kama ule asingeweza kufika peke yake, na theluji iliyozunguka ilikuwa laini, bila alama ya kutambaa.

Polisi walimuuliza Veridiana kwa nini alimwacha. Akawaambia ukweli. Wakatazamana, wakamletea blanketi na mtu wa kuzungumza naye kwa upole, kama watu wanavyozungumza na mgonjwa.

Siku ya mazishi Gaudiosi alikataa kumpa mkono. Nadine alisimama upande wa baba yake mkubwa, na mama yake alipomkaribia, akarudi nyuma. Veridiana alidhani ni uchungu. Alidhani utapita. Haukupita. Simu zake hazikupokelewa. Teopista, dada yake, alipoona mdogo wake hali chakula wala halali, alimfuata na kumpeleka kwake Buffalo, upande wa mashariki wa mji, ambako theluji huanguka mpaka kufunika ngazi za mlangoni.

Huko ndiko ujumbe ulikomkuta. Ulitoka kwa Nadine. Yule binti ambaye tangu utoto alimjibu mama yake kwa Kiingereza, safari hii aliandika kwa Kiswahili.

"Mama, baba mkubwa alitumiwa hii siku ile, baada ya wewe kumpigia na kusema uko nyumbani. Sikiliza. Usinipigie tena."

Chini yake kulikuwa na sauti iliyorekodiwa, imetoka kwenye simu ya Salvatori. Teopista alikuwa akimenya ndizi. Akaweka kisu chini, akasogea.

Kwanza ulisikika upepo, na matawi yakigongana. Halafu Salvatori akihema.

"Kaka, siwezi kusogea. Miguu siisikii. Mwambie Nadine..."

Akanyamaza. Kitu kilikuwa kinashuka kwenye theluji, polepole, kinakaribia.

Kisha ikaja sauti ya mwanamke, karibu sana na simu. Ilikuwa sauti ya kanisani, nzito na tamu, isiyofanana na ya mtu mwingine yeyote. Teopista aligeuka kumtazama mdogo wake.

"Nimerudi, Baba Nadine," sauti ilisema. "Nipe mkono."

Na Salvatori akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeokoka.