Mbwa wa Manjano wa Mzee Cuetlach

Jioni ile Teicuh alikuwa amebakiwa na kazi moja tu: kumpeleka mbwa kwenye msiba.

Mzee Cuetlach, mfinyanzi aliyekaa ng'ambo ya mashamba ya mikonge, alikuwa amekata roho asubuhi. Kesho yake angechomwa, na mbwa angechomwa pamoja naye, amvushe ule mto wa huko chini kwa wafu. Pale Acolman watu walifuga mbwa kama wengine wanavyofuga bata mzinga, lakini kwa mbwa wa mazishi hakuna aliyemfikia Teicuh. Xoco, binti wa marehemu, alikuja mwenyewe kuchagua. Akachagua dume la manjano, manjano ya hindi lililokauka.

Teicuh alikuwa akimfunga mbwa kamba shingoni wakati mama mkwe wake, Centehua, alipotoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Huyo ndiye mkubwa wa mwisho wa manjano?"

"Ndiye. Waliobaki ni wale watoto wawili."

"Basi mmoja niwekee mimi, siku yangu ikifika. Na mmoja umweke wa mwanangu."

Teicuh akakaza fundo. "Mazatl hajafa, mama."

"Tumevuna mara mbili tangu aondoke. Wabeba mizigo wenzake wote wamerudi. Hata yule kiguu, aliyekuwa akichekwa kwamba hatafika mlango wa pili, kafika na anakunywa pombe kila siku!"

"Hakuna aliyemwona akifa."

"Yupo. Alikuja hapa kukwambia, ukamfungulia mbwa."

"Alikuwa amelewa."

"Alikuwa analia, mwanangu. Kulia si kulewa." Centehua alijipangusa unga taratibu. "Waliofia ugenini huchongewa sanamu ya mti, wakachomwa pamoja na mbwa wao kama watu. Asiyechomewa mbwa hafiki. Anakaa ukingoni, anatazama maji."

"Na ukimchoma mtu aliye hai?"

Mama mkwe alitazama mbingu, ambako wekundu wa jua ulikuwa umebaki kama ukucha juu ya milima.

"Nenda, urudi. Na ukimsikia bundi, usisimame kumsikiliza."

Njia ile Teicuh aliijua tangu utotoni. Mikonge huku, mipungate kule, katikati kinjia cha vumbi cheupe. Vyura wa ziwani walikuwa wakilia kwa pamoja. Mbwa alitembea vizuri mpaka walipofika katikati ya shamba, kisha akaketi.

"Twende, bwana. Usinitie aibu mbele za watu. Hujui hata unakokwenda."

Mbwa alimtazama. Ikampitikia Teicuh kwamba huenda anajua.

Upepo ukaja. Haukuwa wa ziwani. Ulikuwa mkavu, mwembamba, unakata ngozi kama kisu cha jiwe jeusi. Teicuh alijifunika shuka mpaka puani.

Bundi akalia.

Mara moja tu. Karibu mno...

Na vyura wote wakanyamaza.

Alivuta kamba, akakaza mwendo. Hakutazama nyuma. Punde akaona mwanga mbele, na nyumba, na makaratasi ya msiba yakipepea mlangoni. Alishusha pumzi. Hakudhani kama ameshafika, maana pale alikumbuka mikonge tu. Lakini mtu mwenye hofu hutembea upesi, akajisemea.

Mwanamke mzee alikuwa amesimama mlangoni, shuka limemfunika kuanzia puani kwenda chini.

"Umekuja na mbwa," alisema kwa sauti ya chini. "Ingia, mwanangu. Watu wamengoja sana."

Ndani watu walijaa. Walikuwa wameketi safu safu wakitazama ukuta. Hakuna aliyelia wala kukohoa. Moto uliwaka katikati, mkubwa, na Teicuh akatafuta moshi kwa macho. Hakuuona. Akatazama juu kutafuta tundu la kutokea moshi. Halikuwapo. Wala dirisha. Palinuka udongo mbichi na maji yaliyolala mtungini siku nyingi.

Mwishoni kabisa, mahali pa mwenye nyumba, palikuwa na sanamu kubwa ya mtu aliyechutama, kichwa kimepambwa kwa maua ya karatasi, meno nje. Teicuh alishangaa mfinyanzi maskini kuwa na sanamu kama ile.

"Kaa ule," mwanamke alisema, akampa bakuli la uji. Bakuli lilikuwa jeupe, jembamba, na halikukaa sawa mkononi. Uji ulikuwa mzito, una rangi ya usaha. Juu ya mkate wa mahindi palikuwa na kitu kilichotambaa.

Adabu ya msibani ni kula unachopewa. Akainua bakuli.

"Usionje."

Sauti ilitoka pembeni yake. Teicuh hakuhitaji kugeuka. Sauti ile aliikumbuka kila usiku, akipanga maneno atakayomwambia mwenyewe atakaporudi.

Aligeuka.

Mazatl alikuwa ameketi kama wengine. Ugwe wa kubebea mizigo bado ulikuwa kwenye paji la uso. Miguu yake ilikuwa imeumuka kwa maji, ngozi imejikunja kama ya mtu aliyefua nguo mchana kutwa.

"Mume wangu... umerudi lini? Mama kule nyumbani..."

"Polepole. Sijarudi. Wewe ndiye uliyekuja."

Teicuh akaliweka bakuli chini.

"Nilishikwa na homa kule nchi za joto," Mazatl alinong'ona. "Wenzangu walinifunika majani. Nilimtuma mmoja akwambie."

"Nilimfukuza."

"Najua. Nimekaa hapa nikijua." Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angekuwa mkali. "Mto uko nyuma ya nyumba hii. Nimeingia mara nyingi, nakatazwa na maji. Wako mbwa ng'ambo. Ukiwaita, weusi wanasema wana madoa. Weupe wanasema wametoka kuoga. Wanakaa wanakutazama. Ni wa manjano tu anayeingia majini bila neno."

"Twende nyumbani. Inuka, twende sasa hivi."

Mazatl alimwonyesha bakuli lake. Lilikuwa tupu, limelambwa.

Teicuh alimshika mkono, akavuta hivyo hivyo. Ulikuwa mwepesi kama ganda la hindi. Akauachia, akaogopa kwamba ungebaki mkononi mwake.

"Basi nipe huyo," Mazatl alisema.

"Huyu si wangu. Ni wa mzee Cuetlach."

"Yuko hapo nyuma yako."

Mzee mfinyanzi alikuwa ameketi karibu na mlango, mpya, safi, nywele zimechanwa na binti yake. Hakuweza kusema, kwa kuwa mdomoni alikuwa na ile shanga ya kijani wanayowekewa wafu. Alikuwa amekwisha kumwona mbwa. Alitabasamu kidogo, kama mtu anayemwona aliyetumwa kumlaki, akanyoosha mkono.

Teicuh alimtazama mzee. Akamtazama mumewe, na ile miguu.

Akaitia kamba mkononi mwa Mazatl.

Mbwa hakusita. Alisimama, akatikisa mkia. Mazatl alimgusa mkewe shavuni kwa kidole kimoja, na pale alipogusa pakabaki baridi. Halafu wakapita ukutani, mbwa mbele, mtu nyuma, na Teicuh akasikia maji yakipasuka... na miguu minne ikiogelea.

Mzee Cuetlach akafungua kinywa kutaka kulalamika. Shanga ikadondoka, ikabingirika mpaka miguuni pa ile sanamu.

Sanamu ikainama kuiokota.

Teicuh alipiga kelele. Mwanamke mzee alikuwa amekwisha simama mbele yake. Shuka lilikuwa limemteleza usoni. Chini ya pua hapakuwa na nyama, ni taya tu, na taya lile lilikuwa likicheza taratibu, kak, kak, kak, kama mtu anayetafuna.

"Hujala," alisema. "Asiyekula hakai. Nenda. Mume wangu hana haraka na mtu."

Teicuh alijikuta katikati ya mikonge, amepiga magoti, kamba mkononi. Haikuwa imekatwa. Kitanzi kilikuwa bado kimefungwa fundo lake, kitupu. Juu ya milima ule wekundu ulikuwa uleule, haujafifia hata kidogo.

Alikimbia mpaka kwa marehemu akiwaza atasema nini. Xoco alimkuta mlangoni.

"Shangazi, umerudi tena? Kuna ulichosahau?"

"Mbwa... mbwa wenu..."

"Si umeshamleta. Yule pale, kafungwa karibu na baba." Xoco alimtazama vizuri. "Na nywele zako zimekauka upesi! Saa ile zilikuwa zinachuruzika maji. Nilivyokukaribisha ndani ukakataa, ukasema umetoka kuoga."

Teicuh aliingia. Kando ya maiti palikuwa na mbwa amelala, kichwa juu ya miguu.

Alikuwa mweupe. Mweupe kama chokaa.

"Xoco. Huyu mbwa ana rangi gani?"

"Shangazi jamani! Wa manjano. Si nilimchagua mwenyewe?"

Aliwauliza na wengine. Wa manjano, walisema, mbwa mzuri, mzee ana bahati. Mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba huyu mama tangu apotelewe na mume kichwa hakijatulia. Mbwa mweupe aliinua macho, akamtazama Teicuh peke yake, kisha akaanza kujilamba miguu, mmoja baada ya mwingine, kwa usafi sana.

Alfajiri akachomwa pamoja na mzee.

Teicuh hakumficha mama mkwe wake hata neno moja. Centehua alisikiliza mpaka mwisho, halafu akalia kilio cha msiba aliokuwa ameuzuia kwa miaka. Jioni ile wakachonga sanamu ya Mazatl, wakaivalisha shuka lake, wakaichoma. Mbwa hawakumweka. Alikuwa naye tayari.

"Mwanangu amevuka," Centehua alisema, macho yamemvimba. Halafu akateremsha sauti, akayataja majina ambayo watu hawayataji mara mbili. "Yule aliyekupa uji ni Mictecacihuatl, bibi wa nchi ya wafu. Na ile uliyoiita sanamu ni mumewe, Mictlantecuhtli. Sijasikia mtu aliyeingia kwao akatoka. Wala sijui kwa nini ulitolewa."

Kesho yake wakiwalisha mbwa, giza likianza kuingia, mbwa wote walinyamaza kwa pamoja. Wakalala kifudifudi, masikio chini.

"Hodi, wenye nyumba."

Sauti ya mzee. Ya upole, kama ya mteja wa zamani.

"Nimefuata mbwa wangu. Kama yuko tayari."

Centehua aliutupia moto majivu. "Usimwitikie," alinong'ona. Wakakaa gizani wameshikana mikono. Sauti ikangoja. Ikashukuru. Ikaondoka.

Ilirudi jioni ya pili, na ya tatu. Haikukasirika hata siku moja, na hilo ndilo lililomnyima Teicuh usingizi. Jioni iliyofuata alimkamata mmoja wa wale watoto wa manjano, akamrusha juu ya ua bila kutazama, akakimbilia ndani, akafunga mlango.

Kesho yake:

"Hodi. Ahsante kwa yule mdogo, mwanangu. Alikufa maji hapo hapo ukingoni. Hakuweza."

Teicuh alijifunika uso. Aliyebaki alikuwa mmoja tu, amelala mapajani mwa Centehua.

"Mpe," mama mkwe alisema.

"Huyu ni wako, mama. Ulisema siku yako ikifika..."

"Nilisema. Ni mkubwa kidogo, huyu ataweza. Mpe, lakini usimrushe. Toka nje. Mpe kama mtu."

"Na wewe?"

"Mimi bado natembea."

Teicuh alimfunga mtoto wa mbwa kamba, akambeba kifuani, akasikia moyo wake mdogo ukienda mbio. Alifungua lango. Nje palikuwa na giza na harufu ya udongo mbichi wa kufinyangia. Hakuona mtu. Akamweka mbwa chini, akaitoa kamba mbele yake gizani.

"Mzee Cuetlach. Nilimpa mume wangu mbwa wako. Nilikuwa najua ni wako, na nikampa. Nisamehe."



Kisha vidole vikagusa vyake. Vilikuwa baridi, vimekauka udongo kwenye kucha. Vikaishika kamba kwa uangalifu, bila kuvuta.

"Ulikuwa na mumeo," sauti ilisema. "Mimi nilikuwa na binti. Usimwambie kwamba mbwa wake hakunifikia."

Nyayo zikaondoka kwenye vumbi, za mtu na za mbwa. Hazikurudi tena.

Tangu hapo majike ya Teicuh yamezaa mara nyingi. Huzaa weupe, weusi, wenye madoa. Amenunua madume ya manjano mbali, ng'ambo ya ziwa, na amezalisha kwa kila njia anayoijua. Watu bado wanamsifu kwa mbwa wake, ila wa mazishi sasa wanawatafuta kwingine. Wale wa kwingine akiwaleta nyumbani hulala wa manjano na kuamka weupe, wakijilamba. Centehua siku hizi anatembelea fimbo, na usiku kifua chake kinakoroma.

Juzi jike jingine lilishikwa na uchungu kabla ya jua kuchwa. Teicuh aliwapokea watoto mmoja mmoja chini ya kibanda, akiwapapasa gizani, wangali na maji. Mama mkwe alisimama nyuma yake akishika mwenge wa msonobari.

"Rangi gani, mama? Angalia vizuri. Yupo hata mmoja?"

Mwenge ulishuka, ukakaa kitambo juu ya migongo myeupe, ukainuka.

"Kaoge, mwanangu, ukalale," Centehua alisema. "Kumepoa."