Simu Iliyosema Mama Yuko Ng'ambo

Kila alfajiri mama yake Kidole aliondoka kwenda kufua mashuka ya hospitali, na simu aliiacha nyumbani. Chumba cha kufulia kimejaa mvuke na maji, na simu mbili zilishamfia humo. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, Kidole, binti wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyebaki nayo, pamoja na mdogo wake mwenye pumu. Jina la Kidole alipewa na majirani, kwa sababu simu iliyogoma akiigusa tu inatii.

Mama alikuwa na onyo moja asilochoka kulirudia. "Mtu usiyemjua akikuuliza tuko wapi, usimwambie."

Kidole alilishika sana onyo hilo. Aliposikia kuna programu inayoficha mahali simu ilipo, aliiweka kwenye simu ya mama siku hiyohiyo. Tangu hapo, mtandaoni, simu ile ilionekana iko nchi ya ng'ambo. Hakumwambia mama. Aliona mama amechoka, ya nini kumsumbua.

Jumatatu jioni mama alifungua akaunti yake ya benki kwa simu, akaona mshahara umeingia, akashukuru Mungu, akalala.

Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Napiga kutoka benki," sauti ya mwanamke ikasema. "Mwenye simu yuko wapi?"

Kidole akakumbuka onyo. Angeweza kusema, "Sisemi," lakini aliona ni utovu wa adabu kumjibu hivyo mtu mzima. Akatunga. "Yuko shamba kwa bibi tangu wiki iliyopita. Simu kaniachia mimi."

"Tangu wiki iliyopita? Haya, asante."

Kidole alijipongeza kwa ujanja wake.

Alasiri mama alirudi, vidole vimekunjamana kwa maji. Hakuketi. Kichupa cha dawa ya kuvuta ya mtoto kilikuwa kimebaki tupu, na mtoto alikuwa ameanza kupumua kwa mluzi. Wakatoka wote watatu hadi duka la dawa. Mama alipotaka kulipa kwa simu, ikaandika: Akaunti yako imefungwa. Muuzaji akairudisha dawa kwenye rafu, taratibu, kama mtu anayeona haya.

Wakakimbilia benki; ilikuwa imebakiza nusu saa kufungwa. Walipanga foleni, mtoto amelala begani kwa mama, kifua kikipanda na kushuka.

"Mama," alisema karani walipomfikia, "jana jioni akaunti yako ilifunguliwa kutoka ng'ambo. Nilipiga simu leo, nikaambiwa uko shamba wiki nzima, na simu umemwachia mtoto. Nikajua ni mwizi. Nimeifunga. Uchunguzi ni siku tano."

"Mimi ng'ambo, dada yangu?" mama alisema kwa sauti ya chini. "Mimi hata huko mabasi yanakogeuzia sijafika. Na huko shamba nilikwenda lini?"

Karani hakucheka. Mama aliegemea kaunta, akafumba macho. Kidole alimtazama mdogo wake. Siku tano.

"Ni mimi," alisema. "Niliificha simu mtandaoni, wezi wasijue tunakokaa. Na habari ya shamba niliitunga."

Mama alifumbua macho, akamtazama. Karani aliiomba simu, akaizima ile programu, akakagua kitambulisho cha mama, akamwekesha kidole kwenye mashine, akamuuliza maswali matatu ambayo mwizi asingeyajua. Kisha akagonga tarakilishi yake.

"Imefunguka. Kukufungia nje haikuwa nia yangu, mama. Mimi sikuangalii wewe, namtafuta mwizi. Akaunti ikifunguliwa kutoka mahali pasipo pako, siwezi kukutofautisha naye." Akamgeukia Kidole. "Hukukosea kuogopa. Hata mimi sikuwa na hakika naongea na nani. Siku nyingine sema, 'Mama atapiga benki mwenyewe.' Inatosha."

Walirudi duka la dawa kabla halijafungwa. Mtoto alivuta dawa palepale mlangoni, mara mbili, na ule mluzi ukapungua hadi ukaisha. Mama akaketi kwenye ngazi ya duka, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Nipige tu, mama," alisema Kidole.

"Nguvu za kupiga nizitoe wapi." Mama akamvuta karibu. "Sikiliza. Nilikufundisha kunyamaza, sikukufundisha kudanganya. Kuficha tunakokaa ni haki yetu, lakini mimi usinifiche. Na usipotaka kusema, nyamaza, hata wakikuona huna adabu. Uongo wako leo ulitaka kumnyima mwenzio pumzi."

"Nimesikia, mama."

"Mimi nami sikukufafanulia. Mungu atusamehe wote wawili." Akanyoosha mkono. "Niinue, miguu imekataa."

Kidole akamwinua.