Mashine ya Marehemu Placide

Jua lilikuwa linazama Kabambare Faradji alipokwenda kuchukua mashine yake. Pikipiki tatu zingeibeba alfajiri, vipande vipande, mpaka kwake Kasongo.

Faradji ni fundi. Ukimuuliza yeye, ni fundi pekee kutoka Lusangi mpaka mto Lualaba. Wengine wote ni wagonga nyundo. Sasa alikuwa amenunua fraiseuse ya zamani, mashine ya kuchonga vyuma, iliyokuwa ya marehemu Placide, mhunzi. Mjane wake, mama Louise, aliipangusa kwa mafuta ya mawese kabla ya kuiachia.

"Kwetu, chombo ya muhunzi inaingia nyumbani kama bibi," alinong'ona. "Miye niliipokea mulangoni na unga, nikaiita dada. Weye uko na bibi?"

Faradji alibana kicheko. Chuma kupokewa kwa unga! Akikubali kwamba ana mke, kizee hiki kitamfundisha sherehe mpaka giza liingie.

"Sina bibi, mama."

"Kweli?"

"Kweli kabisa. Niko peke yangu."

Mama Louise aliinama, akainong'oneza mashine. Akaigonga mara tatu.

"Nimeiambia hauna bibi," akasema.

Huyo ndiye Faradji. Mkewe Mounira amempikia miaka kumi na tisa, naye akamkana ili aokoe nusu saa.

Kasongo, Mounira alimpokea kama kawaida yake: "Karibu, Baba Sifa. Maji ya kuoga iko tayari." Sifa ni binti yao, ameolewa Nyangwe.

Mashine iliwekwa karakanani, chumba kinachopakana na chumba cha kulala. Siku tatu Faradji alihangaika nayo. Aling'oa mota iliyokufa, akafunga injini ndogo ya dizeli, akapitisha mkanda. Jioni ya tatu ikakata chuma kama muhogo. Aliipiga picha, akawatumia mafundi wote kwa WhatsApp, wapate wivu.

Magharibi ilipoingia alizima injini. Akavua mkanda, akautundika ukutani.

Krrr...

Kisu cha mashine kilikuwa kinazunguka.

Polepole. Bila mkanda. Bila injini. Na chumba kizima kikanuka mawese...

Bingwa wa kucheka imani za watu alikimbilia jikoni. Aliogopa, aliogopa kweli. Akachota unga kwenye kisahani, akamvuta Mounira mpaka mlangoni pa karakana.

"Huyu ndiye bibi yangu!" aliipigia mashine kelele. "Nilisema uongo! Bibi iko!"

Kisu kikasimama.

Faradji akapumua. Hata akatabasamu, maana mtu wa namna ile hakosi kujiona ameshinda. Akamgeukia mkewe.

Mounira aliutoa mkono wake kwa adabu, kama mgeni.

"Unisamehe, papa," akasema taratibu. "Umenifananisha na mwengine. Miye sina bwana."

Akajifunga kitenge chake vizuri, akavaa ndala, akatoka barabarani. Faradji aliita jina lake mpaka sauti ikamkauka. Hakugeuka.

Chumbani, kitanda kikalia. Mtu mzito kama chuma amekaa.

"Karibu, Baba Sifa," ikasema sauti ya kike, sauti asiyoijua. "Maji ya kuoga iko tayari..."

Faradji alikwenda kuoga. Alikwisha kusema hana bibi, angemlalamikia nani?