Aliyelala Hafunikwi Uso

Jirani yetu Domitila wa Mwanga si mtu wa kuogopa vivuli. Mume wake Anatoli, fundi cherehani, alikoroma mpaka mabati yakalalamika, naye alimcheka tu. Kilichomtisha ni pale mkoromo ulipokatika. Kifua kinasimama, kimya, kisha Anatoli anashtuka akigombania hewa. Mfa maji haachi kutapatapa. Mchana alisinzia kazini hadi sindano ikamtoboa kidole. Watu wakasema wachawi wanamlimisha mashamba yao usiku. Daktari akasema koo linaziba akilala, akampa mashine ya kupuliza hewa, yenye barakoa ya kufunika pua na mdomo.

Jumamosi moja, baada ya ugali na samaki wa migebuka, Anatoli alijilaza nayo. Mama yake, Rozalia, alikuwa amekuja kutoka Mwandiga. Alichungulia chumbani, akarudi amebadilika uso.

"Mwana wanje, aliyelala hafunikwi uso. Roho hutoka mtu akilala; ikirudi itampotea."

"Nikimvua atakata pumzi, mama."

Domitila, maskini, hakuwa na njia nyingine. Akaiacha barakoa usoni.

Anatoli aliamka jioni, mwepesi, macho maangavu. Domitila alitaka kulia kwa furaha.

"Domitila," akasema, "nipe maji."

Furaha ikamwishia palepale. Tangu mtoto wao wa kwanza azaliwe, mume wake hakuwahi kumwita kwa jina. Alikuwa Mama Erica, hata wakigombana.

Rozalia alimtazama mwanawe sana. "Huyu simjui," alinong'ona, akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Sasa Anatoli hakoromi. Anashona, anakula, analala kimya bila mashine. Majirani wanampongeza mkewe. Amwambie nani? Mume wangu amepona, nirudishieni mgonjwa wangu?

Mchana mmoja Domitila alikuwa anafagia chumbani. Anatoli yuko barazani, cherehani inasikika. Umeme umekatika. Barakoa imening'inia msumarini, mpira wake wa hewa umechomolewa.

Ndani ya barakoa kukafanya ukungu. Ukatoweka. Ukarudi.

Akasogeza sikio. Mkoromo. Uleule. Ukakatika. Akasubiri. Hakuwepo wa kumtikisa.

"Mama Erica," sauti ikanong'ona, "nifunue uso."

Barazani, cherehani ikasimama.

Barakoa bado iko msumarini. Domitila huipangusa kwa kanga kila mchana, na kila mchana huikuta imelowa.