Maziwa Yaliyopanda Gari la Miraa

Maziwa ya Hadiyo yalifika Garissa yameharibika. Mitungi saba, yote. Abshiro aliimwaga kwenye mtaro nyuma ya soko, mmoja baada ya mwingine, kisha akatoa simu.

"Wifi, umekaa?"

"Nimekaa," Hadiyo akajibu kutoka Bura.

"Basi kaa vizuri. Nimeyamwaga."

"Yote?"

"Yote. Paka wa soko walikuja wakanusa, wakaenda zao. Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Mwenye hoteli amenigombeza mbele ya watu kwamba chai yake imekatika kwa sababu yangu. Sasa sikiliza. Kuna mama anatoa maziwa upande wa Masalani. Kila siku ananiuliza kama nina nafasi. Nakupa wiki moja. Ikiisha na bado unaniletea uchafu huu, nafasi nampa yeye. Wewe ni mke wa kaka yangu, nitakupenda vile vile. Lakini maziwa yako sitayataka."

Simu ikakatwa. Hadiyo alibaki ameishika sikioni.

Hakuwa na kazi nyingine. Ukame ulikuwa umemaliza ng'ombe wao wote. Mumewe Issack alikuwa porini na ngamia wachache waliobaki. Mmoja wa ngamia hao, tena aliyekuwa na maziwa mengi, Hadiyo alipewa na mjomba wake, abti Yarow, wakati nyumba haikuwa na hata unga wa uji. Kwa maziwa ya ngamia yule alianza biashara. Baadaye majirani wakamletea na yao. Watoto wake walikula kwa maziwa hayo, wakavaa kwa maziwa hayo. Abshiro akifunga mlango, hakuna mlango mwingine.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Asubuhi watu walileta maziwa, kila mmoja kwa wakati wake. Wengine walikuja mapema, wengine jua likiwa limeshapanda. Hadiyo alipokea kila mtungi kwa bismillahi, akamimina yote kwenye pipa moja, kisha akayagawa kwenye mitungi ya plastiki. Hakufungua mtungi wa mtu akanusa. Huko kwao, kunusa maziwa ya jirani mbele yake ni kumwambia nyumba yako chafu. Na maziwa ya ndugu hayakataliwi. Kwa hiyo aliyapokea yote na akashukuru.

Halafu alisubiri lori. Lori nalo lilisubiri mbuzi wajae. Dereva alisema, "Bado kidogo, mama." Bado kidogo yake ilikuwa kutoka asubuhi hadi adhuhuri. Mitungi ilikaa juani kama watu walioadhibiwa.

Hadiyo alikuwa amelaumu kila kitu. Alilaumu joto. Alilaumu lori. Alilaumu jicho baya la watu. Alinunua mitungi mipya, akaifukiza moshi wa kuni mara mbili. Hakuna kilichobadilika.

Mchana ule, baada ya simu ya Abshiro, alikaa barazani akitazama barabara. Pikapu moja ilifika kwa kasi ikitimua vumbi. Ilikuwa gari la miraa. Dereva, Mborana aliyeitwa Roba, aliruka chini. Mwanamke wa duka la ng'ambo ya barabara, Saynab, akatoka na kuanza kupokea vifurushi vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Akafungua kimoja. Majani yalikuwa mabichi, kama yaliyochumwa nje ya mlango.

Saynab alikuwa mjane, na watu wengi walinunua miraa yake huku wakimsema vibaya. Hadiyo hakuwahi kuvuka barabara kwenda kwake. Miraa ilikuwa imekula pesa za ndugu zake wawili, na hakuipenda. Lakini miraa inatoka mji wa Maua, mbali kuliko porini kwao. Jua ni lile lile. Na miraa ikinyauka haina thamani, sawa na maziwa yakiharibika.

Alivuka.

"Asalaam aleykum, Saynab."

"Waaleykum salaam. Leo umepotea njia?"

"Nimekuja kuuliza."

"Uliza tu. Kuuliza si kutafuna."

"Majani yako yanatoka mbali kuliko maziwa yangu. Kwa nini yako yanafika hai, yangu yanafika yamekufa?"

Saynab alicheka, kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka. Akamsogezea kigoda.

"Lori lako linaondoka saa ngapi?"

"Likijaa."

"Umeona? Hilo lina haraka ya mbuzi. Mzigo wa kuharibika haupandi gari linalosubiri. Roba akisema saa tatu, ni saa tatu. Siku moja aliniacha mimi mwenyewe hapa, na gari ni langu."

"Ulichelewa, mama," Roba akasema akiwa chini ya gari.

"Nyamaza wewe. Hadiyo, Abshiro huwa anataka mitungi mingapi?"

"Sijui. Napeleka iliyopo."

"Iliyopo!" Saynab akapiga paja. "Mimi kabla ya kuagiza, nahesabu nilichouza jana, naangalia na siku yenyewe. Siku ya mnada wa mifugo naongeza. Ramadhani napunguza mchana. Nikiagiza kupita kiasi, kesho natupa. Wewe mvua ikinyesha, ngamia wanajaa maziwa, unamrundikia wifi yako mitungi kumi wakati wanunuzi ni wa minne. Sita inabaki juani hadi ioze. Hapo napo utalaumu lori?"

Saynab akachukua kifurushi, akamwonyesha uzi mwekundu uliofungwa kwenye majani.

"Huu uzi ni wa mkulima. Kila mmoja ana wake. Kifurushi kikija kibovu, najua nimpigie nani. Maziwa yakija mabovu, wewe unampigia nani?"

"Siwezi kujua. Nayachanganya kwenye pipa moja."

Saynab alitoa mdomoni kijiti alichokuwa akitafuna.

"Yote?"

"Yote."

"Basi nyumba moja ikiharibu, imeharibu za wote. Wewe huhitaji jua. Maziwa yako yanakufa kivulini."

Maneno hayo yalimchoma. Lakini hakuinuka. Alikuwa na wiki moja, na mtu mwenye wiki moja hana nafasi ya kununa.

"Sasa nifanye nini?"

"Usiangalie hapa Bura tu. Angalia safari yote, kutoka kiwele cha ngamia hadi kikombe cha mnywaji. Kila mkono unaopokea ujue unapokea nini, kwa nani, saa ngapi, na unampa nani. Mkono mmoja ukilala, mingine yote imefanya kazi bure."

Hadiyo akatazama pikapu. Nyuma ilikuwa tupu.

"Asubuhi Roba anarudi Garissa na nini?"

"Na redio yake," Saynab akasema. Kisha wote wawili wakaitazama pikapu.

Walikubaliana nauli pale pale. Gari lingeondoka saa tatu kamili, kwa sababu Roba alihitaji kufika Garissa kabla miraa ya siku hiyo haijafika. Mitungi mitupu ingerudi na gari hilo hilo mchana, imeoshwa tayari na Abshiro.

Kesho yake Hadiyo aliwaita wote wanaomletea maziwa. Akawaambia maziwa yafike kabla ya saa mbili. Kila nyumba itakuwa na mtungi wake, na kamba ya rangi yake. Mikono ioshwe, na kiwele kipanguswe kabla ya kukamua. Maziwa ya jioni yasichanganywe na ya asubuhi. Na mwisho akawaambia maziwa yatapanda gari la Saynab.

Fowsiya, jirani yake, akaruka. "Maziwa ya watoto kwenye gari la miraa? Haramu gani hii!"

"Lori lililoleta unga wako jana lilibeba nini juzi?"

"Mbuzi."

"Wakakojoa humo?"

"Mbuzi si mbuzi?"

"Na chapati umekula asubuhi?"

Watu wakacheka. Fowsiya hakucheka. Alichukua mtungi wake akaondoka, na tangu siku hiyo aliuza kwa mtu mwingine.

Hadiyo aliuza mbuzi wawili akanunua makopo ya alumini yenye mdomo mpana, akaipa kila nyumba la kwake badala ya mtungi. Mtungi wa plastiki una mdomo mdogo. Mkono hauingii, na maziwa ya jana yanabaki kwenye kona yakiwangojea ya leo. Kopo la mdomo mpana unaliosha hadi chini, unalisugua, unalifukiza, unaona kwa macho kwamba ni safi.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko vyote.

"Lazima uyapime mlangoni," Saynab alikuwa amemwambia. "Nusa. Kisha chemsha kijiko kimoja. Yakikatika, yakawa maji na mabonge, hayo hayafiki Garissa."

"Nitawaaibisha watu."

"Anza na ya kwako mwenyewe, mbele yao. Anayekuja baada yako hana la kusema."

Asubuhi ya kwanza ya safari mpya aliwasha jiko la makaa barazani. Akachota kijiko kutoka kopo lake, akakishikilia juu ya moto mbele ya watu. Yakachemka, yakatulia, mazuri. Akachota ya jirani wa pili. Mazuri. Ya tatu yalikuwa mazuri pia. Watu walianza kuzoea, hata wakafanyiana utani. "Kijiko cha mahakama hicho!" mmoja akasema.

Kisha akafika abti Yarow. Alikuja mwenyewe, na fimbo yake begani, na kopo lililofungwa kamba ya buluu. Hadiyo alimpokea kwa mikono miwili. Akafungua. Harufu ilimfikia kabla hajainama.

Angeweza kufunga. Hakuna aliyekuwa karibu kiasi cha kunusa. Alimfikiria ngamia aliyepewa siku zile za njaa. Alifikiria na mtaro nyuma ya soko.

Akachota kijiko. Maziwa yaligusa joto, yakakatika pale pale. Watu waliacha utani.

"Abti," Hadiyo akasema polepole, "haya yana ya jana jioni ndani yake."

"Kopo halikujaa. Nikajazia. Tangu babu zetu tunajazia."

"Babu zetu walikuwa wanakunywa nyumbani. Haya yana safari."

"Kwa hiyo unayakataa?"

"Nayakataa haya, abti. Sikukatai wewe. Ya jioni niletee kando, nitayafanya susa, maziwa lala ya kuuza hapa hapa Bura. Ya asubuhi yaje peke yake."

Mzee alishusha fimbo begani. "Ngamia niliyekupa, ulimpima kwa kijiko?"

Alifunga kopo lake, akaondoka nalo. Hadiyo aliona mgongo wake hadi ukapotea nyuma ya maduka. Machozi yalimjaa, lakini saa ilikuwa inakwenda. Akafunika makopo kwa magunia yaliyolowa, akayapakia. Saa tatu Roba aliwasha gari. Mtu mmoja alikuja akikimbia na kopo lake akipiga kelele, "Ngoja! Ngoja!" Roba akapunga mkono dirishani na kwenda zake. Kesho yake mtu huyo alikuwa wa kwanza barazani.

Adhuhuri haijaadhiniwa, simu ikalia.

"Wifi," Abshiro akasema. "Umefanya nini? Bado yana povu."

"Yako vipi?"

"Nimechemsha mwenyewe. Mwenye hoteli amekunywa, ameongeza. Lakini kesho usiniletee mengi. Ni siku soko limepoa, niletee makopo matatu. Keshokutwa sita."

"Matatu kesho, sita keshokutwa," Hadiyo akarudia. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kuzungumza hivyo. Tangu hapo walizungumza kila jioni. Yaliyozidi mahitaji ya Garissa, Hadiyo aliyagandisha kwa kupenda kwake kwenye kopo safi, akauza susa hapo Bura. Hayakuharibika tena kwa bahati mbaya.

Siku moja lita chache zilifika zikiwa na harufu. Abshiro hakupiga kelele. Alisema, "Kamba ya kijani." Hadiyo akaenda nyumba ya kamba ya kijani, akakuta kopo lao lina ufa chini ya mpini. Wakabadilisha kopo. Yamekwisha.

Wiki ya Abshiro ilipita, na ya pili, na mwezi. Yule mama wa Masalani aliacha kuuliza. Issack aliporudi kutoka porini alikuta nyumba ina unga, sukari na mafuta, na mkewe anazungumza na dereva wa miraa kama kaka yake. Akauliza, akaelezwa, akatikisa kichwa. "Saynab?" "Saynab." Jioni hiyo alivuka barabara mwenyewe kumshukuru, ila hakununua kitu.

Abti Yarow aliendelea kuuza maziwa kwa Hadiyo. Yanaletwa na mkewe kabla ya saa mbili, makopo mawili yenye kamba ya buluu: la asubuhi peke yake, la jioni peke yake. Yanapimwa kama ya wengine, na hayajakatika tena. Yeye mwenyewe hajarudi. Ijumaa Hadiyo humpelekea susa na kumsalimia. Hujibu salamu, kwa sababu salamu ni ya Mungu, kisha hugeukia mazungumzo yake. Kikombe alichokuwa akinywea chai kwa Hadiyo kiko juu ya kabati.

Hiyo ndiyo gharama yake. Mitungi ya maziwa iliyomwagwa mtaroni, mara tatu. Mbuzi wawili. Jirani mmoja. Na kikombe kimoja, ambacho Hadiyo hukiosha kila Ijumaa, akakirudisha juu.